Dokta Atiman Ni Nani Hasa? Mtoto Aliyeibwa Mali Akaja Kuzeekea Karema

Panda bodaboda Sumbawanga mjini, mwambie dereva "nipeleke Atiman". Hakuulizi swali la pili, anakupeleka hospitali. Kuna wadau wanaosoma hapa wamezaliwa pale, kuna waliolazwa pale, kuna waliopoteza mtu pale. Kwenye meseji tunaandika "Atman", tunaila ile i ya katikati, maisha yanaendelea. Wengine wanaamini alikuwa Mjerumani. Jamaa yangu mmoja aliniapia kabisa kwamba ni jina la mfadhili wa Kihindi, eti kwa sababu linasikika hivyo.

Si Mhindi, si Mjerumani. Ni Mwafrika mweusi kama mimi na wewe. Alizaliwa kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, nchi ambayo leo inaitwa Mali. Aliibwa akiwa mtoto, akauzwa, akanunuliwa tena, akasomeshwa udaktari kisiwani Malta, kisha mwaka 1889 akatua Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Hakurudi tena kwao. Alifariki 1956. Piga hesabu mwenyewe: miaka 67 sehemu moja.

Najua mmezoea hapa tunaongelea nani kaachana na nani na nani kanunua gari kwa mkopo. Leo hayo tuyaweke pembeni kidogo. Siku hizi mtandaoni kuna fasheni ya kutafuta asili. Mastaa wa Marekani wanatema mate kwenye kichupa, wanatuma maabara, wiki chache baadaye wanalia mbele ya kamera kwamba asilimia fulani ni Nigeria na asilimia fulani ni Kameruni. Wazungu wa kule nao wana mchezo wao, wanamsaka babu wa kwanza aliyevuka bahari. Na katika huo mchezo, wenye bahati ni wale ambao babu yao alikuwa Quaker, yaani mtu wa dhehebu la Marafiki. Unajua kwa nini? Wale watu walikuwa wanaandika kila kitu. Mtoto kazaliwa, wanaandika. Watu wameoana, mashahidi wote wanatia saini. Mtu anahama kutoka mkutano wa mji mmoja kwenda mwingine, anapewa barua ya kumtambulisha. Miaka 300 baadaye mjukuu anafungua daftari la Pennsylvania anamkuta babu yake amekaa humo kimya anamsubiri. Hao hao Marafiki ndio waliofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote duniani. Lakini hiyo ni stori ya majirani.

Sisi wa Rukwa tunajua nini kuhusu mababu zetu waliotoka mbali? Ukiuliza wazee utaambiwa hadithi ya Milansi, ya wale wanawake watatu wageni waliofika mtemi hayupo wakakalia kiti chake, na kutoka kwao ukaja utawala wa Watwa. Nzuri sana hiyo, na mwanaanthropolojia Roy Willis aliiandikia kitabu kizima. Ila ni hadithi ya watawala. Mimi nataka ya mtu aliyekuja bila kiti, bila ng'ombe, bila ukoo.

Basi twende Niger.

Atiman alizaliwa kama mwaka 1866. Kijiji kilikuwa Tundurma, kwenye lile pinda kubwa la mto Niger linalokaribia jangwa. Wale mnaopenda kuposti picha za Mansa Musa na dhahabu yake, ndiyo eneo lenyewe, ila dhahabu ilishaisha zamani. Karne ya 19 kule ilikuwa vita juu ya vita. Wafaransa walikuwa hawajafika, Timbuktu waliiteka baadaye sana, mwaka 1894. Waliokuwa wanatawala njia za jangwani ni Watuareg, watu wa ngamia, na moja ya biashara iliyopita kwenye njia hizo ilikuwa watu.

Mtoto akachukuliwa na kuvushwa Sahara. Nataka usimame hapa kidogo, maana tukisema "alivushwa Sahara" inasikika kama kapanda basi la Mpanda. Kutoka mto Niger mpaka nyasi za kwanza upande wa Algeria ni zaidi ya kilomita elfu moja za mchanga na mawe. Kisima kimoja mpaka kingine ni siku kadhaa. Mtu mzima aliyezoea anaweza kufa. Huyu alikuwa na miaka kama kumi.

Akafikishwa Metlili, kimji cha mitende kusini mwa Algeria. Ufaransa ilishapiga marufuku utumwa kwenye makoloni yake tangu 1848, na Algeria ilikuwa koloni lake. Lakini kusini kule sheria ilifika kwa kuchelewa, na watoto waliendelea kuuzwa. Ndipo mwaka 1876 akanunuliwa na Wamisionari wa Afrika. Hawa ndio tunaowaita Mapadri Weupe, kwa sababu ya kanzu zao nyeupe, wala si kwa sababu ya ngozi. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na askofu mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie. Mwaka huo huo wa 1876 mapadri watatu wa shirika hilo waliuawa jangwani wakijaribu kufika Timbuktu. Kwa hiyo wao walishindwa kufika kwa kina Atiman, halafu Atiman akafika kwao akiwa bidhaa.

Sasa hapa pana swali ambalo hata wakati ule watu walikuwa wanabishana. Kumnunua mtoto ili umwachie huru ni wema, au ni kumwongezea mteja mwenye biashara? Padri akilipa leo, kesho mwizi anarudi kuiba mwingine maana ameona soko lipo. Mimi nimewaza sana hili. Kwa mtoto mmoja aliyesimama pale Metlili, jibu ni rahisi: afadhali anunuliwe na anayemsomesha. Kwa mtoto wa kijiji cha jirani ambaye bado hajaibwa, jibu si rahisi hata kidogo. Na isitoshe, aliyenunuliwa hakurudishwa kwa mama yake. Alibatizwa, akapewa jina Adrien, akaingizwa kwenye mpango ambao hakuupanga yeye.

Mpango ulikuwa huu. Lavigerie alikuwa anatuma mapadri kwenye maziwa makuu ya Afrika na walikuwa wanakufa kama kuku wa kideri. Homa tupu. Akapiga hesabu akaona Wazungu hawatatosha na hawatadumu. Akasema tuchukue vijana Waafrika tuliowakomboa, tuwasomeshe udaktari, waende kama makatekista madaktari. Wasiwe mapadri, waoe, wakae kijijini kama wanakijiji, watibu watu bure, na kupitia dawa watu waisikilize dini. Mwaka 1881 akafungua chuo kisiwani Malta kwa kazi hiyo. Atiman akawa mmoja wa wanafunzi.

Yaani fikiria. Umetoka mtoni Niger, umeburuzwa jangwani, leo umekaa darasani Malta unasoma mwili wa binadamu. Na ilikuwa wakati mtamu sana wa kusoma udaktari, kila mwaka kuna jambo jipya. Mwaka 1882 Robert Koch anatangaza kimelea cha kifua kikuu. Mwaka 1887, hapo hapo Malta, daktari wa jeshi la Uingereza anayeitwa David Bruce anagundua kimelea cha "homa ya Malta". Hiyo homa wengi mnaijua kwa jina la brusela, ile wanayokwambia hospitali baada ya kunywa maziwa mabichi. Mfipa mwenye ng'ombe hahitaji kufafanuliwa. Ugonjwa uliogunduliwa alikosomea Atiman ndio unaosumbua alikokuja kufanyia kazi.

Lakini pia kulikuwa na mambo makubwa ambayo hakuna daktari yeyote duniani aliyeyajua. Mbu kuambukiza malaria ilikuja kuthibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Atiman alipomaliza masomo, malaria bado ilihesabiwa kuwa ni hewa mbaya ya madimbwi. Kwinini ilikuwepo, klorofomu ilikuwepo. Penisilini ilikuwa bado zaidi ya miaka hamsini mbele. Kwa vifaa hivyo ndivyo alivyotumwa.

Mwaka 1888 ukawa wa safari. Lavigerie mwenyewe mwaka huo alikuwa anazunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa, Roma, Paris, London, Brussels. Vijana wakapanda meli Marseille, wakapita mfereji wa Suez, wakashuka Zanzibar, wakavuka kwenda bara. Na mwaka huo ndio pwani iliwaka moto, Abushiri bin Salim na watu wake wakipigana na Wajerumani. Kutoka pwani ni mguu mpaka Tabora, na kutoka Tabora ni mguu tena mpaka ziwani. Njia ile ile iliyokuwa ikishusha watumwa na meno ya tembo kwenda Bagamoyo, yeye anaipanda kinyume. Kijana wa miaka kama 22 au 23, mtumwa wa zamani, kabeba sanduku la dawa. Njiani misafara miwili ilikuwa inapishana hivyo.

Mwaka 1889 akafika Karema.

Wadau ambao hamjafika Karema, iko ufukweni, leo ni Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Msianze kelele za mipaka. Katavi ilikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012 tu, na Rukwa yenyewe ilizaliwa 1974. Kwa Kanisa, Karema ndiyo mama. Jimbo liliitwa Karema mpaka mwaka 1969 lilipobadilishwa na kuwa Jimbo la Sumbawanga. Ndiyo maana jina la daktari wa Karema liko kwenye hospitali ya Sumbawanga.

Mahali penyewe palikuwa pa ajabu. Mwaka 1879 Mbelgiji anayeitwa Cambier alijenga kituo pale kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold. Mwaka 1885, Leopold alipopata Kongo yake, akaona upande huu wa ziwa haumhusu tena, kituo wakaachiwa Mapadri Weupe. Kwa hiyo mapadri wakajikuta na ngome, kijiji na watu. Kwa miaka kadhaa, kabla Wajerumani hawajafika ziwani kwa nguvu, misheni ndiyo ilikuwa serikali. Inahukumu kesi, inagawa mashamba, inalinda lango. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mwanajeshi Mfaransa Leopold Joubert alikuwa anapigana kwa bunduki na vikundi vya wauza watumwa. Upande wa kaskazini, Ujiji, mkubwa wa biashara ni Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip. Ziwa lote hilo lilikuwa barabara.

Na watu wa Karema walikuwa nani? Hapa ndipo pananigusa. Wakristo wa kwanza wa Karema hawakuwa hasa Wafipa wala Wabende walioisikia Injili wakaipenda. Wengi walikuwa watu waliokombolewa, watoto hasa, na wakimbizi waliotafuta ukuta wa kujificha. Mmoja katoka Manyema, mwingine Marungu, mwingine Ubemba, mwingine hajui alikotoka kwa sababu alichukuliwa mdogo mno. Walilelewa pamoja, wakafundishwa katekisimu na kilimo, wakaozeshwa wao kwa wao, wakapewa kiwanja. Ndivyo kijiji kilivyokua. Halafu misheni zikaenea, Kala, Kirando, Kate, Mwazye, zikapanda mpaka uwandani huku kwenye baridi.

Kwetu, upande wa bibi mzaa mama, tumekua tukisikia "sisi ni watu wa misheni". Nilipokuwa mdogo nilidhani maana yake ni kwamba tunasali sana. Nikaja kuelewa siku ya posa ya binamu yangu. Wazee wa upande wa pili wakauliza ukoo, wetu wakajibu, wakaulizwa tena, na huko nyuma mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, lakini nikasikia, "hao ni wale wa kununuliwa". Posa ilipita, mahari ililipwa, tulikula vizuri. Ila lile neno halikutoka. Mwaka 2020 na kitu, mtu ana simu ya kioo mkononi, bado anakumbuka nani babu yake alinunuliwa. Na huyu huyu, bila shaka, mke wake alijifungulia Atiman.

Ndiyo maana namwandika. Daktari aliyewatibu babu zake na mzee yule naye alikuwa "wa kununuliwa".

Atiman alioa mwaka huo huo aliofika. Mke aliitwa Agnes Wansahira, Mbende. Hilo si jambo dogo. Wabende ni wenyeji wa nchi ile. Mgeni asiye na ndugu wa kumsindikiza kwenda kuposa, asiyeweza kusema "baba yangu ni fulani wa kijiji fulani", anapewa binti wa wenye nchi. Kwa kuoa pale, akawa mkwe wa watu. Wageni wengi sana wa nchi hii walipata kabila kwa njia hiyo, nenda kaulize Wamanyema wa Ujiji au Wanyamwezi wa pwani.

Kazi yake nyingi ilikuwa ile ambayo haiingii kwenye vitabu. Vidonda, macho, uzazi uliokwama, mtu kaumwa na nyoka, mtu kararuliwa na mamba, mtoto wa homa usiku wa manane. Miaka ya 1890 ilikuwa mibaya mno kwa bara zima. Ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe toka Uhabeshi mpaka Afrika Kusini. Funza wa miguuni, ambaye hakuwepo kabisa huku, aliingia kutoka pwani ya magharibi kupitia Kongo, watu wakakatika vidole kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kumtoa. Ndui haikuacha nyumba. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 malale ikafika kwenye fukwe za Tanganyika, na vijiji vizima vikahamishwa kukimbia mbung'o. Dawa za Malta zilikuwa zinachelewa au haziji, kwa hiyo akajifunza na mitishamba ya wenyeji. Hilo nalipenda. Mtu amesoma ng'ambo lakini anakaa chini kwa mganga wa kijiji na kuuliza hili jani linafanya nini. Leo kuna daktari wa miaka miwili kazini ukimtajia mitishamba anakukunjia sura.

Na serikali zikawa zinapita juu ya kichwa chake kama mawingu. Alipofika hakukuwa na serikali. Wakaja Wajerumani, wakajenga boma lao Bismarckburg, ambayo ni Kasanga ya leo. Mwaka 1915 wakashusha majini meli yao Graf von Götzen, iliyokuja vipande vipande kutoka Ujerumani. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe wasimwachie adui, na Wabelgiji wakaja kutoka Kongo wakakamata nchi ya ziwani. Wakaja Waingereza. Meli ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, hiyo hiyo Liemba unayoijua. Bendera tatu za Ulaya, vita viwili vya dunia, na dokta ni yule yule, na zahanati ni ile ile.

Kitu kimoja kilinishtua nilipokuwa nasoma kuhusu kipindi hicho. Sisi shuleni tulikariri kwamba soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, ukapata alama zako ukasonga mbele. Lakini kuwa na mtumwa, yaani kummiliki kihalali, kuliendelea bara kwa muda mrefu. Wajerumani hawakufuta, walisema tu watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru. Ufutaji kamili wa kisheria Tanganyika ulikuja na sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Kwa hiyo Atiman, aliyekombolewa 1876, alifanya kazi miaka 33 kwenye nchi ambayo mtu kama yeye bado angeweza kuwa mali ya mtu kwa mujibu wa sheria. Alikuwa anafunga vidonda vya watu waliokuwa na bwana. Bibi wa bibi yangu alizaliwa ndani ya miaka hiyo.

Atiman na Agnes walipata mtoto wa kiume, Joseph. Akaenda seminari, akawa padri, katika kundi la mapadri wa kwanza Waafrika wa upande huu. Kwa baba mkatoliki ni heshima kubwa mno. Ila tuongee kama watu wa nyumbani. Padri haoi. Mtu aliyeporwa baba, mama na ukoo mzima akiwa mtoto, akajenga nyumba upya kutoka sifuri, anamtoa mwanawe kwa Kanisa na kwa upande wa Joseph jina linakoma. Nimejaribu kuwaza siku ile ya upadrisho, yule mzee amekaa benchi ya mbele. Sijui kama mtu wa nje anaweza kuelewa alichokuwa anakitoa.

Watu wa kutafuta asili kwa mate wangesema basi, Atiman hana wajukuu. Lakini nenda Sumbawanga, Namanyere, Kirando, uhesabu akina Adriano. Watoto waliopewa jina kwa sababu mama alipona. Kule Dar es Salaam nyumba ya Wamisionari wa Afrika inaitwa Atiman House. Halafu ipo hiyo hospitali.

Uzeeni alipewa nishani. Na mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records, toleo la 21, lilichapisha maisha yake kwa maneno yake mwenyewe. Hili nalihesabu kuwa kubwa kuliko nishani. Mamilioni ya watoto walivushwa Sahara na bahari, na waliobaki na sauti yao wenyewe ni wa kuhesabu. Mmoja wao alikuwa Karema. Miaka kumi baadaye, mwaka 1956, akafariki akiwa na miaka kama 90. TANU ilikuwa na miaka miwili, na Uhuru ulikuwa umebakiza mitano.

Sasa tuje kwenye yale madaftari, kwa sababu najua kuna wadau mmeshaanza kuwashwa mkitaka kumtafuta wa kwenu. Mapadri Weupe walikuwa kama wale Quaker kwenye jambo hili. Lavigerie aliwaagiza kila kituo kiwe na shajara, na waliandika, kwa Kifaransa: nani kaja, nani kafa, mvua imenyesha, simba kala mbuzi, msafara umepita. Shajara nyingi ziko makao yao Roma. Lakini huhitaji kwenda Roma kuanza. Anza na daftari la ubatizo la parokia.

Zamani yaliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo usimtafute Yosefu, tafuta Josephus. Adriano ni Adrianus. Usimtafute babu kwa jina la ukoo mnalotumia leo, maana hayo mengi ni jina la baba yake tu lililogandishwa na shule. Nenda na jina lake la ubatizo, jina la mke, kijiji, na mwaka wa kukadiria, hata ukikosea miaka mitano. Msimamizi wa ubatizo usimpuuze, kwa watu waliokosa wazazi yeye ndiye alikuwa ndugu. Kwenye ndoa tafuta maelezo ya pembeni ya ukurasa, huko ndiko wanakoandika mtu alibatizwa wapi, na ndiko utakakojua kama kahamia kutoka Karema, Kala au ng'ambo ya ziwa. Nenda kwa adabu, mwone paroko au katekista, usiingie na kamera ya simu imewashwa kama unavamia klabu. Na kabla ya yote, kaa na bibi yako. Usimuulize "kabila letu ni lipi", atakujibu Mfipa mumalize. Muulize nani alimlea mama yake, na nani alikuwa anawatembelea wakati wa msiba.

Bibi yangu nilimuuliza hivyo mwaka jana. Akakaa kimya, akamenya maharage kidogo, akasema mama yake alikuwa akiugua hataki kwenda popote, anasema apelekwe kwa Atimani. Alilitamka lote, na i ya katikati, na nyingine akaongeza mwishoni.

Wenye mababu wa Karema, Kala, Kirando, Kate na Mwazye, dondosheni hapo chini kijiji na kile wazee walichowaambia kuhusu mlikotoka. Nakusanya.